Hakuna Mawimbi

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni niliyempeleka nyumbani kwa babu, Rabai, katika likizo ya Agosti mwaka 2024 alikuwa na inchi 32 kutoka pembe hadi pembe. Tulisafiri naye kwa basi la usiku kutoka Nairobi, tukashuka Mazeras alfajiri, tukapanda bodaboda, yeye akiwa amesimamishwa ndani ya katoni lake kati yangu na mwendeshaji, hadi uani kwa babu. Shangazi alipiga kigelegele. Majirani walikuja kushuhudia. Mgeni akatolewa katonini, akawekwa juu ya meza, akaunganishwa na umeme. Na kwa muda wa siku mbili nzima hakumponya mtu yeyote. Alitwambia maneno mawili tu, meupe juu ya kioo cheusi: Hakuna mawimbi.

Mpenzi msomaji, kabla hujanicheka, nakuomba unipe nafasi nikueleze kwa nini runinga hiyo ilinikosesha usingizi.

Babu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka 33. Alifundisha masomo yote kama walivyofundisha walimu wa enzi zake, lakini moyo wake ulikuwa katika Kiswahili na kalamu nyekundu. Ngeli nilizijua mkekani pake kabla sijaingia darasa la kwanza. Alikuwa akinituma nimletee vitu viwili viwili ili nitamke umoja na wingi wake, na nikikosea, vitu hivyo hurudishwa vilikotoka na safari huanza upya. Alipostaafu alibaki na mambo mawili yaliyompa raha: mazungumzo ya jioni chini ya mwembe, na redio. Taarifa ya habari hakuikosa. Alikuwa akiisikiliza kalamu mkononi, na msomaji habari akiteleza katika upatanisho wa kisarufi, babu aliguna kana kwamba amekanyagwa.

Kisha masikio yakaanza kumtoroka. Halikuwa jambo la ghafla. Mwanzoni alilalamika kuwa siku hizi watu wananong'ona. Baadaye sauti ya redio ikapandishwa, ikapandishwa tena, hata ikafika wakati ambapo majirani hawakuwa na haja ya redio zao. Daktari mmoja wa Mombasa alimpatia kifaa cha kusaidia usikivu. Babu alikiita mbu kwa sababu ya mlio wake, na baada ya wiki chache mbu huyo alikwenda kuishi katika mtoto wa meza. Mwaka 2023 shangazi alinipigia simu nikiwa maktabani. Nilitoka nje haraka nikidhani kuna msiba. Akaniambia, "Babu yako ameizima redio, kisha ameifunika kitambaa cheupe. Ameifunika kama maiti, mwanangu."

Maneno hayo niliyabeba kwa mwaka mzima. Simu haikunifaa kitu, kwani babu hakusikia. Arafa nazo zilimshinda kwa udogo wa herufi. Njia iliyosalia ilikuwa ni daftari. Kila niendapo nyumbani, mimi huandika ninachotaka kusema kwa herufi kubwa, yeye husoma, hunijibu kwa kinywa chake, na kabla ya kunirudishia daftari husahihisha makosa yangu kwa wino mwekundu. Naam, hata leo nikiwa mwanafunzi wa uzamili! Ninayo madaftari matatu ya mazungumzo yetu, na katika yote hakuna ukurasa uliosalimika.

Wazo la runinga lilinijia nikiwa katika mkahawa mmoja jijini Nairobi wakati wa taarifa ya saa moja jioni. Kelele za wateja zilikuwa zimeimeza sauti yote, na hata hivyo nilielewa habari kwa kuyasoma maandishi yaliyokuwa yakipita chini ya kioo. Pembeni palikuwa na mkalimani wa lugha ya ishara. Nilijiuliza imekuwaje nisilifikirie jambo hili mapema. Babu haijui lugha ya ishara, lakini kusoma anakujua kuliko sisi sote. Nilikuwa nikifundisha kwa mkataba katika shule moja ya upili, na kwa miezi mitano nikaweka akiba kidogo kidogo, hadi nikapata shilingi 15,500.

Hapana budi nikiri kwamba akiba hiyo ilikuwa pia na deni ndani yake. Babu aliwahi kuwa na runinga. Aliinunua miaka ya tisini, kisanduku kizito chenye kisogo kirefu, na kwa muda mrefu ilikuwa ndiyo runinga pekee katika sehemu yetu. Kuwasha runinga ile kulikuwa ni kazi ya watu wawili. Babu alitoka nje akaushika mlingoti wa antena akauzungusha polepole, naye nyanya akaketi kitini mbele ya kioo. Picha ikijaa chenga, nyanya alisema, "Bado." Chenga zikipungua, "Karibu." Picha ikisimama, alipaza sauti hadi kuku wakashtuka: "Hapo!" Ndipo babu aliporudi ndani akijifuta mikono, na Vioja Mahakamani ikaanza. Nyanya alikipenda kipindi hicho kuliko vyote. Alikuwa akiwajibu washtakiwa kana kwamba yeye ndiye hakimu.

Mwanzoni mwa mwaka 2015 runinga ile ilikufa. Au tuseme, iliuawa ikiwa mzima wa afya. Mataifa yalikuwa yamekubaliana huko Geneva mwaka 2006 kwamba kufikia tarehe 17 Juni 2015 matangazo ya runinga yahame kutoka mfumo wa analojia hadi wa dijitali, mfumo ambao huwezesha masafa yaliyobeba kituo kimoja kubeba vituo vingi. Hapa Kenya mawimbi ya dijitali yalizinduliwa mwezi wa Desemba mwaka 2009. Ilipofika Februari 2015 mitambo ya analojia ikazimwa, na katika mvutano kuhusu nani asambaze mawimbi hayo mapya, baadhi ya vituo vikubwa vya kibinafsi vikatoweka hewani kwa karibu wiki tatu. Waliokuwa na uwezo walinunua ving'amuzi. (Neno king'amuzi bado hunifurahisha: kifaa kinachong'amua yale ambayo runinga kuukuu haiwezi kuyang'amua. Laiti istilahi zetu zote zingeundwa kwa uhai kama huo.)

Babu hakujua lolote kuhusu habari hizo. Alichokiona ni chenga tupu. Alizungusha mlingoti asubuhi hadi jioni, naye nyanya akasema "Bado" mpaka sauti ikamkauka. Mwishowe fundi mmoja aliichukua runinga, akakaa nayo wiki mbili, akapokea fedha, akairudisha ikiwa vilevile. Wakati huo nilikuwa kidato cha tatu katika shule ya bweni. Suala la dijitali nilikuwa nalifahamu fika. Tulikuwa hata tumeendesha mdahalo juu yake, na nikashinda. Nilipokuja likizo ya Aprili babu aliniuliza runinga yake imepatwa na nini. Nikamjibu kwa maneno manne: "Ni mambo ya dijitali." Kisha nikatoka kwenda kucheza.

Mzee aliyenifundisha umoja na wingi kwa kunituma kuleta vikombe na vijiko, nami sikuwa na dakika tano za kumweleza kuwa runinga yake haina ugonjwa, inahitaji king'amuzi tu! Runinga ikageuzwa meza ya kuwekea taa. Mlingoti ukawa wa kuanikia nguo. Nyanya alifariki mwaka 2019 bila ya kumwona tena hakimu wake.

Turejee kwa mgeni wetu. Muuzaji jijini Nairobi alikuwa ameniwashia runinga dukani, nikaona picha safi kama maji ya mtungi, nikalipa na kuondoka. Sikugundua kwamba picha ile ilitoka katika king'amuzi cha dukani, kilichounganishwa na runinga kwa waya wa HDMI. Runinga nyingi za siku hizi hukumbuka mlango uliotumika mara ya mwisho. Kwa hiyo ilipowashwa kwa babu, ilielekeza macho yake kwenye mlango uleule wa HDMI, ambao sasa haukuwa na kitu. Ilikuwa kama mtu anayemsubiri mgeni kizingitini pa nyumba aliyokwisha kuhama.

Nilikuwa nimeichagua lugha ya Kiswahili katika orodha ya lugha, nikijivuna kuwa babu ataona runinga inayozungumza lugha yake. Ndipo yale maneno mawili yalipotokea. Babu aliyasoma kwa sauti, akanitazama, akasema, "Hakuna mawimbi. Bila shaka hakuna. Mawimbi yako Kilindini. Rabai tumewahi kuwa nayo lini?"

Watu wote walicheka, nami nikacheka nao, lakini kicheko changu hakikufika mbali. Nilianza kubonyeza kila kitufe cha rimoti. (Darasani tulifundishwa kuiita kitenzambali. Sijawahi kumsikia mtu akimwomba mwenzake kitenzambali.) Baada ya muda nikaipata orodha yenye kichwa Chanzo, na chini yake TV, AV, HDMI 1, HDMI 2, USB. Nikachagua TV. Runinga ikaniuliza iwapo nataka Antena, Kebo au Setilaiti. Kwa kuwa nilikuwa nimeunganisha kebo kutoka kwenye mlingoti wa zamani, nikachagua Kebo, nikijiona mjanja. Runinga ikatafuta. Ikatafuta kwa dakika kumi. Ikaleta jibu: vituo 0.

Hapo palikuwa na mtego wa lugha ambao sikuutarajia, na wenzangu wa isimu watauelewa. Neno kebo katika orodha ile halina uhusiano na waya uliokuwa mkononi mwangu. Linamaanisha huduma ya kulipia ambayo husambazwa kwa waya kutoka kwa kampuni hadi majumbani. Waya wangu, ingawa sote tunauita kebo, ulitoka kwenye antena. Kwa hiyo jibu sahihi lilikuwa Antena. Nililing'amua jambo hilo saa nne usiku, watu wakiwa wamelala. Nikachagua Antena, nikatafuta upya. Vituo 0.

Sitaki kuficha kuwa nilikaribia kulia. Tasnifu yangu inahusu nadharia ya upokezi. Ninaweza kukueleza kwa kurasa arubaini jinsi Jauss anavyoliona tarajio la msomaji, na jinsi Iser anavyoyajadili mapengo ambayo msomaji huyajaza katika matini. Na hapa nilikuwa nimeketi gizani mbele ya kioo kilichoshindwa kupokea chochote, bila ya kujua pengo liko wapi.

Asubuhi yake babu alinikuta bado nimeketi pale. Akaleta daftari na kalamu mbili, ya buluu kwangu na nyekundu kwake. "Nieleze," akasema. "Kifaa hiki kina shida gani?"

Nikaandika: "Chanzo cha mawimbi hakijatambuliwa na kipokezi." Akasoma. Akapiga mstari chini ya chanzo, akaandika pembeni: Chanzo cha nini? Chanzo cha ugomvi? Chanzo cha mto?

Nikajaribu tena: "Runinga inahitaji kuelekezwa katika ingizo sahihi la ishara." Akapiga mstari chini ya ingizo, akaweka alama ya kuuliza. Chini ya ishara akaweka mbili. "Ishara ni hii," akasema akiupunga mkono wake hewani. "Nani anaipungia runinga mkono?"

Nilimwambia, kwa maandishi, kuwa Waingereza wana neno moja kwa jambo hili, nasi tuna mengi yasiyotosha: wengine husema mawimbi, wengine ishara, wengine masafa, na wenye simu wamejiamulia netiweki. Babu alisoma ukurasa mzima, asipate kosa la tahajia, akaandika chini yake neno moja kubwa: Sielewi.

Katika maisha yangu sijawahi kusomwa na mhakiki mkali kama huyo. Wasimamizi wa tasnifu huandika "fafanua" au "panua hoja", na mtu hujitetea. Sielewi haina utetezi. Tena hapo Rabai ndipo Krapf alipoweka makazi mwaka 1846, akawa anauliza jina la kitu hiki na la kile, na maneno aliyoyakusanya yakaingia katika kamusi yake ya Kiswahili iliyochapishwa mwaka 1882. Nadhani wazee waliomjibu nao walikuwa na subira yenye mipaka kama ya babu.

Nikageuza ukurasa. Mara hii nikaacha kuwaza istilahi, nikawaza jinsi yeye alivyonifundisha mimi. Nikaandika hivi: "Runinga hii ni nyumba yenye milango mitano. Mgeni akija huingia kwa mlango mmoja tu. Mgeni wetu, yaani picha inayotoka kwenye antena, anapiga hodi mlango wa nyuma. Lakini runinga imesimama mlango wa mbele, imefungua, haioni mtu, inasema hakuna mgeni. Kitufe hiki cha rimoti kazi yake ni kuiambia runinga isimame mlango gani."

Babu alisoma mara mbili. Kalamu nyekundu ilishuka, nikasubiri mstari. Akaandika: Sasa umesema. Kisha akaongeza kwa kinywa, "Na mwaka ule, ile nyingine? Nayo ilisimama mlango usio wake?"

Nilijua anauliza nini. Nikaandika polepole kuwa ile nyingine haikuwa na kosa lolote. Mgeni alibadilisha lugha, nayo haikuijua lugha mpya. Ilihitaji mkalimani, yaani king'amuzi. Hii mpya imezaliwa na mkalimani wake ndani. Ndiyo maana ya maandishi DVB-T2 yaliyoko katoni, mfumo ambao Kenya iliuchagua. Nikaandika kuwa yule fundi alikula fedha zake bure. Nikaandika pia kuwa mimi nilijua. Nilijua tangu mwaka huo, na sikumweleza.

Alikaa kimya kwa muda. Nilimwona akiutazama ule mkebe mkuukuu uliobeba taa. Hatimaye akachukua kalamu, na katika sentensi yangu ya mwisho, ambapo kwa wasiwasi nilikuwa nimeandika "sikukweleza", akasahihisha herufi moja. Hakusema kitu kingine.

Mchana wa siku hiyo alikuja fundi, kijana wa hapo hapo kijijini anayetengeneza simu na kufunga madishi. Alinisikiliza nikijieleza kwa maneno makubwa, akaenda moja kwa moja kwenye ncha ya waya nyuma ya runinga, akaifungua. Waya wa antena una shaba moja katikati, na kuizunguka kuna wavu wa nyuzi nyembamba. Viwili hivyo havipaswi kugusana kamwe. Uzi mmoja, mwembamba kama unywele, ulikuwa umepinda ukaigusa shaba. "Hodi ilikuwa inafia hapa," akasema, bila ya kujua kwamba tulikuwa tumeshinda na hodi tangu asubuhi. Akaukata uzi huo kwa wembe.

Vituo bado 0. Fundi akatoka nje kuutazama mlingoti, akakuta shuka mbili za shangazi na kanga moja. Zilipoanuliwa alitikisa kichwa. Vyuma vya antena ile vilikuwa virefu kama bakora, kwani viliundwa kwa masafa ya zamani ya VHF. Matangazo ya dijitali hupita katika masafa ya UHF, kati ya megahazi 470 na 694, ambako urefu wa wimbi moja ni kama nusu mita hivi, na vyuma vya antena yake ni vifupi kama rula ya mwanafunzi. Nilimwandikia babu kwamba mawimbi kumbe yapo Rabai, ila ni mafupi kuliko ya Kilindini. Binamu yangu akatumwa Mazeras kwa bodaboda, akarudi na antena mpya ya shilingi 1,200.

"Ielekezeni Mazeras," fundi akasema, kisha akapokea simu ya mteja mwingine, akatuacha na mlingoti wetu.

Dijitali haina chenga, na hilo ndilo tatizo lake. Katika analojia picha mbaya ilikuonyesha kuwa uko njiani. Ungeweza kuusogeza mlingoti kidogo kidogo, ukaiona nuru ikikaribia. Katika dijitali mawimbi dhaifu hayaleti picha dhaifu. Hayaleti kitu, au huleta vipande vya picha vilivyovunjikavunjika, mpaka yavuke kiwango fulani, na papo hapo picha huja yote. Ili ujue uko njiani hapana budi ufungue ukurasa wa runinga wenye mistari miwili, mmoja wa nguvu na mwingine wa ubora, kisha mtu aketi aitazame mistari hiyo wakati mwenzake anazungusha.

Binamu alishika mlingoti. Mimi nilisimama dirishani, mahali ambapo ningeweza kumwona aliye ndani na kumsikia aliye nje. Ndani, kitini mbele ya kioo, aliketi babu. Hakuna aliyempangia. Alijisogeza mwenyewe akaketi katika kiti ambacho tangu mwaka 2019 hakuna aliyekikalia bila ya kusitasita. Kwa kuwa hakuweza kusikia maswali yetu, tulikubaliana kwa daftari: mkono chini, bado, mkono kifuani, karibu, mkono juu, tumefika.

Binamu akazungusha. Mkono wa babu ukabaki chini. Nikasema, "Bado." Akazungusha tena kuelekea kusini. Bado. Upepo ukavuma, mlingoti ukayumba, na ghafla nikaona mkono ukipanda hadi kifuani, vidole vikitetemeka. "Karibu," nikasema, nikashangaa jinsi neno hilo lilivyotoka kinywani mwangu kwa lafudhi isiyo yangu. Binamu akasogeza kadiri ya upana wa kidole. Mkono wa babu ukapaa juu, mzima, kama wa mwanafunzi anayejua jibu.

"Hapo!" nikapaza sauti. Kuku wakashtuka.

Tulitafuta upya, na vituo vikaanza kujipanga kimoja baada ya kingine, sikumbuki vingapi. Baadaye nilivifuta vingi ili babu asipotee. Ilipofika saa moja jioni taarifa ya habari ilianza. Sauti niliipunguza kabisa, akaitazama peke yake, miwani puani, midomo ikitamka maandishi yaliyokuwa yakipita chini. Yalimpita kwa kasi mwanzoni, akalalamika. Kufikia habari za michezo alikuwa ameishika kasi yake. Kisha akaguna, ule mguno wa kukanyagwa ambao sikuwa nimeusikia kwa miaka kadhaa, akanyoosha kidole kwenye kioo na kunigeukia: "Umeona? Wameandika 'hawajakosekana' mahali pa 'hawakukosekana'. Nani anawasahihisha watu hawa?"

Kabla sijaondoka nilimwandikia maagizo katika karatasi moja ili ayabandike ukutani. Yalikuwa na hatua tisa. Aliyarudisha akiwa amenipa alama 6 kwa 10 na kuyafuta yote isipokuwa matatu, ambayo aliyaandika upya kwa mkono wake wa ubaoni: Bonyeza CHANZO. Chagua TV. Usiguse kingine.

Wiki tatu baadaye shangazi alinipigia simu. Watoto wa jirani walikuwa wamecheza na rimoti, maneno meupe yakarudi kiooni, naye alikuwa na simu mkononi tayari kuniita. Babu alimpokonya rimoti, akaisoma karatasi yake, akabonyeza mara mbili, akaketi.

"Amenikataza hata kukupigia," shangazi akaniambia. "Nimetoka nje ndiyo nimepiga."